Pango la Hidaya

Mchimba pango haoni giza lake. Ndivyo Mama Sabina alivyomwambia fundi aliyetujengea ngazi, nanyi mkaniuliza pango limeingiaje kwenye habari za ngazi. Wengi hudhani methali hii ni ya mababu, kwa kuwa inanukia udongo. La, ni changa, na waliokuwapo ilipoanza kusemwa mitaani wangali hai. Kaeni basi, niwaeleze ilikotoka.

Palikuwa na binti mmoja huko Tanga, jina lake Hidaya Kijangwa, aliyefundisha kompyuta katika kituo kidogo karibu na stesheni ya reli. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mtaani alijulikana kwa mambo mawili: suruali zake hazikufumuka, na kila alipokanyaga cherehani aliimba kwa kuguna, bila maneno, wimbo ambao hakuna aliyejua jina lake. Siku moja Hidaya alipompelekea chai alimrekodi kwa simu bila mzee kujua. Sekunde hamsini tu. Miezi michache baadaye mzee akafariki. Hidaya hakumwambia mtu kuhusu sauti ile, hata mama yake, Bi Mwanaidi, kwa sababu yeye mwenyewe kila alipoifungua alishindwa kuisikiliza mpaka mwisho.

Mwaka ulipotimia likaja shindano la gemu. Sheria zake zilikuwa rahisi: vijana popote walipo wanapewa siku tatu watengeneze mchezo wa kompyuta, kisha kwa wiki nzima kila anayetaka anazicheza kazi zao, anaandika maoni na kupiga kura. Mada ya mwaka ule ilikuwa "Sauti". Hidaya alipoisoma hakufikiri mara mbili. Alimwita Kombo, mwalimu mwenzake anayejua kuchora, wakajifungia kituoni.

Walitengeneza pango. Ndani yake kuna mtu mdogo mwenye kibatari, anayetembea na kuruka kutoka mwamba hadi mwamba. Hakuna adui wa kupigana naye wala alama za kukusanya. Kuna maji yanayodondoka, popo wanaostuka, upepo unaopita kwenye nyufa, na giza. Ukienda mpaka mwisho unafika kwenye chumba kidogo cha mawe, na humo Hidaya aliiweka sauti ya baba yake. Aliiweka peke yake, Kombo alipotoka kwenda kula. Aliwaza kwamba yeye ameshindwa kuisikiliza, lakini wageni hamsini wakiisikia, mzee atakuwa ameimba mbele ya watu hamsini.

Jumatatu asubuhi maoni yakaanza kuingia. La kwanza lilisema, "Nimegeuka nyuma nikidhani bomba la jikoni linavuja. Kumbe ni pango lenu." La pili lilisema, "Sikutaka kuruka, nilitaka kukaa tu nisikilize." Mwingine aliwasifu kwa namna mwanga wa kibatari ulivyotetemeka ukutani. Kombo alikuwa akisoma kwa sauti, kila mstari akiurudia mara mbili kama mtu anayeonja mchuzi.

Lakini yalikuja na mengine. "Ni zuri, ila sijui niende wapi." "Nikibonyeza kitufe cha kuruka, anachelewa kuitika." "Nimeanguka shimo la tatu mpaka nikakata tamaa. Samahanini, nimeacha." Kufikia Jumatano walikuwa wamecheza watu thelathini na wanane, na hakuna hata mmoja aliyetaja wimbo.

Hidaya alilichukua gemu akalicheza tena mwenyewe. Alipita shimo la tatu bila shida, akafika mwisho kwa dakika nne. Akacheza mara ya pili huku akizungumza na Kombo, akapita tena.

"Njia ipo," alisema. "Hawana subira, basi. Wamezoea magemu ya kupigana."

"Wote thelathini na wanane?" Kombo aliuliza.

Hidaya akaanza kuwajibu wachezaji mmoja mmoja: jaribu tena, njia ipo, tazama vizuri. Wachache walishukuru kwa adabu, na hawakurudi. Alhamisi asubuhi alimwambia Kombo kwamba anafikiria kuliondoa gemu lile kabisa, maana afadhali pango lisiwepo kuliko liwepo na watu waishie mlangoni. Kombo hakuelewa kwa nini jambo la gemu limemtoa mwenzake machozi, ila alimwomba asubiri mpaka mchana.

Mchana huo likaingia oni refu kuliko yote. Lilitoka kwa mtu aliyejiita Ng'wandu wa Kahama. Liliandikwa hivi:

"Nawashukuru vijana. Mimi ni mzee, nimechimba dhahabu miaka ishirini na sita, sasa magoti hayataki. Mkwe wangu ndiye aliyenifungulia gemu hili kwenye kompyuta yake. Sijawahi kucheza gemu. Nimelicheza hili mara kumi na moja kwa sababu mmelijua pango. Maji yenu yanadondoka kama maji ya kweli, tone moja kubwa, mawili madogo. Nimeanguka shimo la tatu mara zote kumi na moja. Silalamiki. Kama mnataka nieleze ninavyoanguka, namba ya simu ni hii hapa."

Hidaya alilisoma mara mbili, akatoka uani akapiga.

"Shikamoo mzee. Naitwa Hidaya, wa lile pango."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nilijua mtapiga." Sauti yake ilikuwa nzito, yenye kikohozi kidogo. "Kwanza ahsante. Nimekumbuka watu wengi kwenye pango lako."

"Ahsante wewe, mzee. Nimeona umeanguka mara kumi na moja. Pale shimo la tatu kuna ukingo upande wa kushoto. Ukirukia huo, unapita."

"Upo wapi?"

"Kushoto, chini kidogo ya ule mwamba uliopasuka."

Hidaya alisikia vitufe vikibonyezwa. "Niko hapo sasa hivi," mzee alisema. "Naona mwamba uliopasuka. Kushoto kwake naona giza."

"Ukingo upo hapo, mzee. Mimi naupita kila siku."

"Sikukatalii. Nakuuliza kitu kimoja. Ukifika hapo, ule ukingo unauona, au unaukumbuka?"

Hidaya alifumba macho. Aliliona shimo lile akilini, akatafuta ule ukingo kwa jicho la mtu asiyewahi kuuchora. Haukuwapo. Palikuwa na weusi mtupu, na yeye siku zote alikuwa akirukia weusi ule kwa sababu mikono yake iliujua.

"Naukumbuka," alisema polepole.

"Ndiyo. Usione aibu." Mzee alikohoa. "Kwenye duara letu, lile shimo tulilokuwa tukichimbia, sisi wa zamani tulitembea bila taa. Tulijua wapi pa kuinama na wapi pa kuruka. Siku moja akaja kijana mgeni kutoka Nzega, akavunjika mguu mahali ambapo sisi tulipita tukipiga soga. Tukamlaumu, tukasema hana macho. Kiongozi wetu akatunyamazisha. Tangu siku ile, kila akija mgeni, anapewa chaki. Anaambiwa, tembea, na kila utakapoogopa, weka alama. Kisha sisi tunakwenda kuweka taa pale penye alama. Hatukuwahi kumpa chaki mtu aliyechimba. Mchimba pango haoni giza lake."

Hidaya aliyarudia maneno hayo polepole.

"Hawa wanaokuandikia wamekushikia chaki, mwanangu," mzee aliendelea. "Tena bure. Mtu asiyelipenda pango lako anatoka kimya kimya, haandiki."

Baada ya salamu za kuagana, Hidaya alirudi ndani. Alimwambia Kombo yote, na kwa mara ya kwanza akamwambia na habari ya sauti iliyo mwisho wa pango. Kombo akachukua daftari. Wakayasoma upya maoni yote thelathini na tisa, safari hii si kwa kutafuta sifa wala kwa kujitetea. Kila mahali mtu aliposema amepotea, wakaweka alama kwenye ramani ya pango. Alama nyingi ziliangukia mahali patatu tu.

Mzee Ng'wandu alikuwa amempa wosia mmoja zaidi: amtafute mtu ambaye hajawahi kuingia, amkalishe, na yeye afunge mdomo. Ijumaa Hidaya alimwomba mama yake. Bi Mwanaidi alicheka, akasema vidole vyake vinajua kukuna nazi tu, lakini akakaa. Alianguka, akapotea, akauliza, "Sasa hapa niende wapi?" Hidaya alikalia mikono yake, akajizuia asimwelekeze, akaandika.

Kisha wakafanya kazi. Kwenye ule ukingo waliweka matone ya maji, ili kila tone likianguka jiwe ling'ae mara moja. Walimfanya yule mtu mdogo aitike mara tu kitufe kinapobonyezwa. Na kwa wale waliouliza waende wapi, Hidaya aliruhusu mguno wa baba yake usikike kwa mbali tangu mwanzo wa pango, mdogo mno, ukikua kwa kila hatua ya kuelekea penye njia.

Jumamosi asubuhi Bi Mwanaidi alikaa tena, akavaa spika za masikioni. Alipita shimo la kwanza. Kwenye la pili aliinamisha kichwa, kama mtu anayesikia mlango ukibishwa nyumba ya jirani. Hakuuliza kitu. La tatu alilipita kwa mruko mmoja, na baada ya hapo vidole vyake havikusita tena.

Kwenye chumba cha mawe alisimama. Sekunde hamsini zilipita, akaacha zipite tena. Alipozivua spika, machozi yalikuwa yamefika kidevuni, lakini uso ulikuwa umetulia.

"Pale anaponyamaza katikati," alisema, "hapo uzi umemkatikia. Anautia tena kwenye sindano." Akamshika binti yake mkono. "Nilidhani sitamsikia tena. Mungu akulipe, mwanangu."

Hidaya akazivaa zile spika, akauegemeza uso wake begani kwa mama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akaisikiliza ile sauti mpaka mwisho.

Jioni liliingia oni kutoka Kahama: "Nimefika. Nimekaa kwenye kile chumba mpaka chai ikapoa. Ni nani anayeimba?" Hidaya akajibu, "Ni baba yangu, Mzee Kijangwa, fundi cherehani. Ahsante kwa kuja mpaka alipo." Wengine wakarudi, na maoni yakawa ya wimbo. Kura zilipohesabiwa, pango halikushinda. Lilikuwa la tisa, na wenyewe hawakusikitika.

Hidaya alibadilisha kitu kimoja cha mwisho. Kwenye ukurasa wa shukrani aliandika majina ya wote thelathini na tisa, waliosifu na waliolalamika pamoja, na juu yake akaweka maneno ya mzee. Wachezaji wakayachukua. Wanafunzi wa kituo wakayapeleka nyumbani, na kutoka huko yakaingia kwa washonaji, kwa waandishi, kwa wajenzi, mpaka yakatufikia sisi tusiojua hata gemu lenyewe.

Kwa hiyo Mama Sabina hakumtukana fundi. Fundi alisema ngazi haina tatizo, yeye huipanda kila siku. Mama Sabina alikuwa ameshika chaki, akimwonyesha alipojikwaa. Nawe siku utakapomaliza kazi yako, akaja mtu akakwambia hapa nimeanguka, mshukuru kwanza, ndipo ukatazame. Mchimba pango haoni giza lake.