Mkono Ulioonekana Ukutani

Isome yote ndipo uwatumie wenzako. Wengine nawajua, mnasoma mstari mmoja mnabonyeza dole gumba.

Katika kijiji kimoja cha milimani, Mwalimu Elifuraha aliwaambia wanafunzi wake kuwa picha ni sayansi, na mtu anaweza kuisomea mpaka chuo kikuu. Wazee wakacheka. Chuo kikuu, kwa ajili ya picha za harusi!

Mwalimu hakubishana. Aliziba madirisha ya stoo ya shule kwa mablanketi, akatoboa mlangoni tundu dogo kama punje ya hindi, akawaingiza watoto. Mwanga wa nje ukapenya tunduni, na ukuta wa nyuma ukajaa uwanja mzima: bendera, mbuzi, wapita njia. Rangi zote zipo, ila miguu juu, vichwa chini.

Habari zikamfikia Mzee Mbonea, ambaye akikohoa tu kijiji kinanyamaza.

"Anatembeza watu kichwa chini! Huo ni uchawi!"

Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Kesho tutakagua. Tukikuta kitu, mwalimu anapanda basi la jioni."

Kesho yake akina mama wakaingia stoo kujionea wenyewe. Mlango ukafungwa. Macho yalipozoea giza, mama mmoja akapiga ukelele. Ukutani palikuwa na mtu mwenye koti refu, kichwa chini. Wakainama, vichwa karibu viguse sakafu, wamwone vizuri. Mtu yule akaangaza huku na huku. Akachimba karibu na bendera kwa mkono mmoja. Akafukia kitu chekundu, akaenda zake.

"Mwalimu, mkanda huu mliurekodi lini?"

"Si mkanda, mama. Ni sasa hivi, hapo nje."

Midomo ikabaki wazi. Walipopata nguvu ya kufungua mlango, Mzee Mbonea, na koti lake refu, alikuwa anakuja na mwenyekiti, na kijiji kizima nyuma yao.

"Chimbeni hapo kwenye bendera!" akaamuru mzee.

Wakachimba. Ikatoka pembe ya uchawi iliyofungwa kitambaa chekundu.

"Umeifukia wewe!" yule mama akamfokea Mzee Mbonea. "Tumekuona ukutani!"

"Uso wangu mmeuona?"

Hawakuuona. Picha ya tundu ina ukungu.

"Huyo mtu alichimba kwa mkono gani?"

Wakatazamana. "Kushoto. Wa kulia ulining'inia tu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akaushika mkono wake wa kushoto, uliopooza miaka saba, akauinua kama mtu anayeinua kuni. "Huu haushiki hata kijiko. Nani hajui?"

Wote walijua. Akina mama wakainamisha vichwa kwa aibu.

"Mwalimu, fungasha," akasema mwenyekiti.

Hapo akajitokeza Nakijwa, mwanafunzi wa darasa la saba, mjukuu wa Mzee Mbonea mwenyewe.

"Mama zangu, rudini ndani. Mwenyekiti, nenda nao. Mimi nasimama hapa nje."

Wakaingia, wakainama tena. Nakijwa akainua mkono.

"Kushoto!" sauti zikatoka ndani. "Ameinua wa kushoto!"

"Tokeni bila kuuliza kitu, mwone."

Walipotoka walimkuta bado ameuinua. Ulikuwa mkono wa kulia.

"Tundu linageuza vyote," akasema Nakijwa. "Juu kuwa chini, kulia kuwa kushoto. Aliyechimba alichimba kwa mkono wa kulia. Ulioning'inia ni wa kushoto."

Kijiji kizima kiligeuka kuutazama mkono wa kushoto wa Mzee Mbonea.

"Wewe mtoto," mzee akanong'ona, "nani kakufundisha haya?"

"Mwalimu unayemfukuza, babu."

Jioni basi lilipita. Aliyepanda hakuwa mwalimu.

Funzo: Mtoto akikwambia anataka kusomea picha, usimcheke, kwa maana kuona tunaona wote, ila kujua ulichokiona ni kazi ya aliyesoma. Na wewe mwenye pembe yako, usidhani waliomo gizani hawakuoni.