Godoro la Marehemu Sefu

"Mto hautupi, hupeleka." Mmeyasikia maneno haya leo pale darajani, na mmeuliza yalitoka wapi. Yalianza hivi.

Mitaa miwili ya mji huu iliwekeana ahadi. Watu wa Mlimani, wanaokaa juu, waliapa kutotupa kitu mtoni. Watu wa Bondeni walitandaza wavu chini ya daraja na kuotesha miche ya mianzi ya kushika kingo. Kila Jumamosi wavu uliinuliwa mbele ya wote, na kwa kila kilichonaswa mwenyekiti wa ushirika wao aliuliza mara tatu, "Cha nani?" Aliyekiri alibeba chake akarudi nacho nyumbani, yakaisha. Aliyenyamaza akajulikana, alitolewa katika ushirika.

Mwenyekiti alikuwa Bi Zamda wa Mlimani. Kwa swali lile alikuwa mkali, hata wazee walimwogopa.

Kisha akafiwa na mumewe, Sefu. Eda yote alilala chumba kimoja na godoro la sufi ambalo mumewe alifia juu yake, limesimamishwa ukutani na madoa yake ya ugonjwa. Kumpa mtu aliona haya. Kulichoma aliona kama kumchoma Sefu. Siku alipotoka eda, alfajiri, alilikokota hadi nyuma ya nyumba akalisukumia mtoni. Akarudi ndani, akafagia.

Sufi haizami upesi. Godoro lilielea hadi wavuni, likaziba njia. Mvua iliponyesha jioni ile, maji yalipanda kwenye kitalu cha Bondeni yakaondoka na miche yote.

Jumamosi godoro lililazwa darajani, likichuruzika.

"Cha nani?" Bi Zamda aliuliza, macho yake pembeni.

"Muulizeni Chande," alisema mama mmoja wa Mlimani. "Mji mzima nani mwingine anashona sufi?"

"Limemfuata fundi wake," mwingine akadakia, watu wakacheka.

Chande, fundi magodoro wa Bondeni, ndiye aliyetunza kitalu. Aliinama akagusa mshono wa uzi mwekundu. Alimshonea rafiki yake Sefu godoro lile mwaka wa harusi.

"Uzi ni wangu," alisema.

"Na godoro?" yule mama aliuliza.

"Nimesema uzi ni wangu."

"Cha nani?" Bi Zamda aliuliza mara ya pili. Chande alimtazama kidogo, kisha akatazama chini. Hapo Bi Zamda akajua kwamba Chande anajua ni la nani, na kwamba yuko tayari kutolewa yeye badala yake.

Mara ya tatu hakuuliza.

"Ni langu," alisema. "La marehemu. Nilidhani nimelitupa."

"Hapana, shemeji," Chande alisema taratibu. "Mto hautupi, hupeleka."

"Mbona ulinyamaza?"

"Una msiba."

"Na miche yako?"

"Tutaotesha mingine."

Desturi ilitaka mwenye kitu abebe peke yake. Alijaribu, likamshinda. Chande akashika upande wa pili, na hakuna aliyekumbusha desturi. Wakapanda nalo Mlimani mchana kweupe, maji machafu yakimtiririka Bi Zamda mgongoni, milango ikifunguka mmoja baada ya mwingine. Alitamani wamcheke. Hakuna aliyecheka.

Tangu hapo aliuliza "Cha nani?" kwa sauti ya chini, kama anayejiuliza mwenyewe. Na mtu akibisha kwamba kitu chake alikwisha kukitupa zamani, alimjibu kwa maneno ya Chande, bila kumtazama usoni: Mto hautupi, hupeleka.