Mize Aliyesawazishwa na Zimwi

Haya, sogeeni karibu, mnipe masikio yenu. Alikuwapo mama mmoja, Shuwena, na bintiye Mize. Mize alijua lugha ya ndege, na fumbo lililowashinda wazee yeye alilifumbua huku akicheza. Lakini chuoni herufi zilimtoroka machoni. Mwalimu akamchapa, akamrudisha nyumbani. Shuwena akampeleka tena, mtoto akachapwa tena, akarudishwa. Mara ya tatu mwalimu akasema, "Mwanao mvivu, usimlete tena."

Shuwena akaenda msituni kwa zimwi, analia. "Nisawazishie mwanangu, awe kama wenzake."

Zimwi akacheka. "Mimi siongezi kitu, mama. Nachota palipojaa, namwaga palipopungua, na kinachobaki ni changu. Umemuuliza mwenyewe?"

"Mtoto haulizwi," akajibu Shuwena.

Basi zimwi akavuta pumzi ndefu, akameza.

Aliporudi, Shuwena alimkuta Mize ameketi na kitabu, anasoma bila kukwama. Mwalimu akamsifu, majirani wakampongeza. Ndege wakaja dirishani, wakamwita wee, Mize asiinue kichwa. Alipotegewa fumbo, hata la watoto wadogo, alitabasamu tu.

Shuwena akakimbia msituni. "Mrudishie mwanangu kilicho chake!"

"Nimekwisha kula, mama," zimwi akamwambia. "Kilikuwa kitamu."

Shuwena akarudi nyumbani, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu.

"Mama," akauliza Mize kwa upole, "sasa unanipenda?"

Hadithi imenifikisha mlangoni pao. Kuingia ndani sikuwa na moyo.