Diski ya Mama

Mtu mmoja alikuwa na duka la mashine za gemu, na mashine zake hazikupokea mchezo wowote isipokuwa uliotoka dukani kwake. Aliitwa Eliapenda. Alikuwa mcha Mungu, na watu walimheshimu kwa kuwa kitu cha wizi hakikuwahi kukaa mezani pake.

Siku moja mdogo wake, Ombeni, alimletea programu aliyoihangaikia kwa muda mrefu. Iliifanya mashine mpya ijifanye ya zamani, ili zile gemu za utotoni, ambazo mashine zake zilishakufa na hazitengenezwi tena, ziweze kuchezwa. Akaomba iuzwe dukani. Akamsihi kaka yake jambo moja tu: atie diski ya zamani, ajaribu mwenyewe.

Habari zikaenea, wateja wakabishana pale mlangoni. Wako waliosema, watu wazima wana diski zao kabatini, walizinunua kihalali, sasa wakachezee wapi? Wengine wakacheka. "Mruhusu tu, Eliapenda! Kesho utakuta gemu za wizi zimepangwa hapa mafungu mafungu kama nyanya." Eliapenda akaogopa jina lake kuchafuka. Hakujaribu. Akamrudishia mdogo wake kazi yake mbele za watu, akamwita mwizi, kisha akamshukuru Mungu kwa kumpa msimamo.

Ombeni akaiacha programu mtaani, aichukue anayetaka, nakala aliyobaki nayo akaifuta. Wajanja wakaichokonoa, na haikupita muda ikawa inachezesha nakala za wizi. Eliapenda akasema, si niliwaambia?

Kisha mama yao akaugua. Huyu mama, baba yao alipofariki, alikuwa akikaa na wanawe kucheza gemu moja ya kulima bustani. Kusoma hakujua, ila mboga zake zilistawi kuliko zao, na alikuwa akicheka mpaka kanga inamdondoka. Sasa kitandani akamuuliza Eliapenda kwa sauti ndogo, "Baba, hivi lile shamba letu la kwenye tivii bado lipo?"

Diski ilikuwepo, nzima kabisa. Eliapenda akaitia kwenye mashine bora kuliko zote dukani kwake. Ikaitema. Akaitia tena, ikaitema. Akajikaza, akaenda kwa Ombeni kuomba ile programu.

Ombeni alimtazama bila hasira. "Kaka, ungetia diski siku ile, ungeona. Niliifunga isikubali nakala, isome diski halisi tu. Hawa wa mtaani wameng'oa kufuli, sasa inachezesha nakala tu, diski halisi haizisomi tena."

Akaketi kuiandika upya. Mama hakungoja.

Walipomzika, Eliapenda alisimama kando ya kaburi, diski iko kwenye mfuko wa shati, na hakuna aliyejua kwa nini mkono wake haukutoka kifuani.

Wewe uliyewekwa kulinda mlango: yule uliyemwita mwizi, uliitazama mikono yake kabla ya kumfukuza?