Kuvu Aliyekaa Mlangoni mwa Mbegu

Paukwa!

— Pakawa!

Mlio nyuma sijawasikia. Paukwa!

— Pakawa! Tupe tusikie!

Hapo zamani za kale, viumbe wote walipokuwa wakisemezana, palikuwa na Bi Kware. Aliishi mbugani. Alikuwa na watoto watano. Wanne wazima, wa tano dhaifu. Huyo wa tano aliitwa Tunu. Miguu yake vijiti, shingo yake uzi.

Mwaka huo moto ulipita mbugani, vuuu! Nyasi zikateketea. Mbegu zilizosalia zilikuwa chini ya ardhi, ghalani kwa Bi Sisimizi. Bi Sisimizi akawagawia majirani kidogo kidogo, nyingine akaziweka za kupanda.

Lakini mbegu zile zilikuwa chungu. Wale wanne wakameza, gudu, gudu. Tunu akatema, pwe!

"Meza, mwanangu."

"Siwezi, mama. Chungu."

Bi Kware akaitegea mbegu sikio. Kumbe ndani yake aliishi Kuvu, mwembamba kuliko uzi wa buibui. Uchungu ule ulikuwa wake. Na kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni, maana vijidudu visivyoonekana kwa macho vilikuja vikibisha.

"Hodi!"

"Nani wewe?"

"Mimi hulisha mche mchanga."

"Karibu, pita."

"Hodi!"

"Nani wewe?"

"Mimi huozesha."

"Rudi ulikotoka!"

Bi Kware akasema, "Kuvu, ondoka. Mwanangu anakufa njaa kwa sababu yako."

"Nitakwenda wapi, mama? Nimezaliwa humu. Nikitoka, mlango utabaki wazi."

"Mlango wako haunihusu. Mimi nina mtoto."

Akaenda kwa Bi Sisimizi. "Dada, Kuvu anatolewaje?"

"Kwa jua. Tukizianika mbegu mwambani siku saba, zenyewe zitavumilia. Kuvu hatavumilia." Bi Sisimizi akazitazama mbegu zake. "Lakini naogopa, dada."

"Unaogopa nini? Umemwona Tunu?"

Bi Sisimizi alikuwa amemwona. Akazitoa mbegu zote, wakazianika.

Siku ya kwanza Kuvu akalia. Siku ya tatu akaita, "Mama Kware, naungua!" Bi Kware akajiziba masikio kwa mbawa. Siku ya saba, kimya.

Mvua ikanyesha. Zile zilizoanikwa bado zilikuwa na uchungu uliobaki, basi wakazipanda. Kumbikumbi wakatoka, Tunu akala kumbikumbi, akapata nguvu. Nyasi zikaota, zikatoa masuke. Tunu akadonoa mbegu ya kwanza.

"Mama! Tamu!"

Akala, akala. Shingo ikanenepa. Akakimbia, tip tip tip, mama yake akimtazama na kucheka. Mbuga nzima ikamshukuru Bi Kware.

Siku hizo hizo vijidudu vikaja kwenye masuke.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hamna mtu humu. Tuingieni."

Vikaingia vyote, vyema na vibaya. Waozeshaji wakawa wengi, vile vyema vikakosa pa kukaa.

Mbegu zikavunwa, zikajazwa ghalani. Kwa nje ziling'aa. Kiangazi kilipofika, Bi Sisimizi akapasua moja. Nyeusi. Akapasua ya pili. Nyeusi. Akapasua mpaka taya zikamuuma.

Alipokimbia kwenda kumwonya Bi Kware, alimkuta Tunu, aliyekwisha kuzila, amelala, tumbo limevimba.

"Mama, tumbo."

"Nakukanda, mwanangu."

"Kanda polepole, mama."

Bi Kware akakanda polepole. Akakanda mpaka tumbo likapoa, na Tunu mwenyewe akapoa.

Bi Sisimizi akatoka kumtafuta Kuvu. Akashika njia. Akavuka korongo, mahali moto usipofika, akakuta shina moja la nyasi za kale. Kuvu mwingine, ndugu wa yule, alikuwemo. Akarudi kumchukua Bi Kware.

Bi Kware akapiga magoti. "Kuvu, nimekosa. Njoo uingie kwenye nyasi zetu."

"Siwezi, mama. Mimi siingii nyasi iliyokwisha kuota. Nyasi mama hunipitisha kwa mtoto wake, ndani ya mbegu. Nyasi zenu hazina tena mama wa kunipitisha. Chukua mbegu zangu, mwanze upya."

"Na mwanangu?"

Shina likatikisika, mbegu zikaanguka miguuni pake.

Zilikuwa mbegu sita tu. Wakazipanda, wakazilinda. Bi Sisimizi akachimba, Bi Kware akafukia kwa mguu wake, moja moja.

Jioni Bi Kware akawaita watoto waje chini ya mbawa. Akamtaja wa kwanza, akaja. Akamtaja wa pili, wa tatu, wa nne, wakaja. Akafungua mdomo kumtaja wa tano. Akaufunga.

Basi wanangu, na nyinyi wazazi mliokaa nao: usimfukuze mwenzio kwa kuwa hapendezi, kabla hujauliza anatufanyia kazi gani. Na akikujibu, msikilize.

Hadithi yangu imeishia hapo, wala sina la kuongeza.