Machipukizi Matatu ya Shina Moja

Mtu mmoja alikuwa na watoto watatu na kibanja kimoja cha migomba, na haya ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu haya mawili, wala sikuhadithiwa na mtu. Jina lake Mzee Rutabingwa. Ujana wake wote aliwapikia mapadri, akaokota Kilatini humo jikoni kama mtu anavyookota kuni njiani, hapa kijiti, pale kijiti.

Siku ya kuondoka kwenda kutibiwa mjini aliwaketisha wanawe. Akawaambia kwamba Kilatini kina shina moja, domus, yaani nyumba, lililozaa dominus, bwana mwenye nyumba, na kwamba Waingereza wamechipuza maneno yao humo. Rutashobya, mkubwa, akampa dominion, yaani utawala, pamoja na fimbo ya ukoo. Byabato akampa domain, yaani eneo, kibanja chote. Kokubanza, binti yake aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, akampa domestic, yaani kazi za nyumbani. Akasema akirudi atamtaja bwana wa nyumba mbele ya ukoo.

Kaka zake Kokubanza walicheka mpaka wakashikana mabega. "Mwenzetu kapewa ufagio kwa Kiingereza!" akasema Byabato. Kokubanza hakucheka. Alijua kwamba kaka yeyote akitajwa, yeye atafukuzwa arudi kwa wakwe, na kwa wakwe mkeka wake ulikwisha kutupwa nje siku ile ile ya kuanua matanga.

Rutashobya akatawala. Alitoa amri asubuhi, akatoa nyingine mchana, na jioni akauliza kwa nini ya asubuhi haijatekelezwa. Byabato naye akazungushia kibanja uzio wa miti, akamwonya dada yake: "Usitie mguu humu, wala takataka zako. Hili eneo lina mwenyewe." Basi Kokubanza, ambaye tangu utoto alimwaga samadi, majivu na maganda ya ndizi kwenye mashina ya migomba, akawa anayamwaga nyuma ya jiko, penye changarawe tupu ambapo hata magugu yalikataa kuota. Byabato alipong'oa machipukizi ya ziada na kuyarusha nje ya uzio, Kokubanza akaokota matatu, akayapanda pale pale. Hakuna aliyemuuliza. Nani huenda kutazama nyuma ya jiko?

Miaka miwili ikapita. Dominika moja, baada ya misa, Mzee akarudi amepona, na ukoo mzima ukajaa uani. Rutashobya hakungoja hata watu wakae vizuri. Alisimama na fimbo yake, akasema nyumba ina bwana mmoja tu, naye ndiye, na huyu dada afungashe leo leo aende kwa wakwe zake. Kokubanza alikuwa mlangoni, sufuria tupu mkononi. Akapiga goti kwa adabu, akamtazama kaka yake usoni.

"Sawa, bwana wangu," akasema. "Basi walishe wageni."

Rutashobya akaamrisha ndizi ziletwe. Watu wakamtazama. Byabato akakimbilia kibanjani, akatoka na mkungu mmoja mwembamba, akarudi, akatoka na mwingine mwembamba zaidi. "Mwanangu," shangazi yao akamuuliza, "hizi ni ndizi au umetuletea vidole vya mtoto?" Migomba ilikuwa imekaa na njaa miaka miwili ndani ya uzio mzuri. Ndipo Kokubanza akaita watu nyuma ya jiko, na mkungu ukaja umening'inia kwenye mti wa kubebea, mwanamume mmoja mbele, mwanamume mmoja nyuma. Vigelegele vilisikika mpaka kanisani. Ukoo ulikula, ukashiba, na mikungu miwili ikabaki haijaguswa.

Mzee akainuka, akaichukua fimbo mkononi mwa mkubwa, akaenda akaubomoa uzio nayo, kisha akampa binti yake fimbo hiyo na kumtaja bwana wa nyumba. Wazee wawili walikohoa, maana si desturi kumtaja binti, lakini vinywa vyao vilikuwa vimejaa. Kesho yake Kokubanza akamkabidhi kila kaka kikapu cha samadi. Wakabeba.

Nawe unayeitwa bwana huko kwako, ni nini kilichoshiba kwa mkono wako? Jibu taratibu, sina haraka. Na kwa kuwa nimeapa niliona yote, niseme kweli: mkungu ule ulibebwa na mwanamume mmoja. Wa pili nimemwongeza mimi. Ila huyo mmoja alipumzika mara mbili, na kutoka jikoni hadi uani ni hatua kumi.