Majirani Watatu wa Mwasumini

Hapo zamani, katika mji ambao nyumba zilibanana na nyua zilikuwa finyu, waliishi Mhina na mkewe Mwantumu. Mtoto hawakujaliwa. Nyuma ya jiko walikuwa na bustani ya ukubwa wa mikeka miwili. Katikati Mwantumu alipanda mwasumini, kandoni mchicha na vitunguu, basi.

"Mwasumini," alizoea kusema, "hautaki jirani mrefu, hautaki jirani mwenye kiu, wala hautaki jirani mwenye mikono."

Mwantumu akafa. Watu walijaa, wakalia, wakaanua matanga, wakaondoka. Mhina akabaki na nyumba. Kila akipika chai ilitosha vikombe viwili. Cha pili alikimwaga.

Akaja Bi Nyange, mama wa marehemu, na mbegu za boga. "Mwanangu, ardhi isikae bure." Akapanda. Kila Ijumaa akawa anakuja kulitazama boga lake, na akishalitazama huketi, hunywa kile kikombe cha pili.

Akaja Sengondo, fundi viatu wa nyumba ya pili, na mche wa mpapai. Akapanda. Kila jioni akawa anakuja kuupima kimo, na akishaupima hutandika bao.

Akaja Mwaita, mdogo wa marehemu, na magimbi. "Shemeji, umekonda hata suruali inakuaga!" Akapanda. Kila asubuhi akawa anakuja kuyamwagilia, ndoo baada ya ndoo, na akishamwagilia hakuondoka mpaka shemejiye ale.

Mhina aliwatazama dirishani. Huyu mrefu. Huyu ana kiu. Huyu ana mikono. Alijua, ila hakuwazuia, kwani nyumba ilikuwa na sauti tena.

Mpapai ukauzibia mwasumini jua. Maji ya magimbi yakaulowesha mizizi. Boga likautambalia, likaukaba. Majani yakageuka manjano, yakapukutika, hata likabaki tawi moja bichi, lenye tumba moja la ua.

Ndipo Mhina alipowaita wote watatu. "Nikiondoa mmea mmoja, huenda mwasumini ukapona. Nisipoondoa, unakufa. Niondoe upi?"

Bi Nyange akasema, "Mbegu za boga hili alizianika mwanangu kwa mkono wake. Yeye nimemzika. Na boga lake nalo nilizike?"

Sengondo akasema, "Mpapai umeanza maua, na mti wenye mimba haukatwi. Tena tuulizane, nani aliyekuja jioni, saa ambayo nyumba hii ilikuwa kama kaburi?"

Mwaita akasema, "Shemeji, ulikuwa mifupa. Magimbi ndiyo yaliyokurudishia nyama. Utatia jembe kwenye sufuria yako mwenyewe?"

"Nyama gani?" Sengondo akadakia. "Kete zenyewe anazisukuma kama magunia!"

Wakacheka, hata Bi Nyange. Kisha Sengondo akasema taratibu, "Mbona wa nne hamuutaji? Yetu sisi inalisha watu. Mwasumini unamlisha nani?"

Bi Nyange akajifunika uso kwa kanga. Mhina alikumbuka kikombe cha maji kando ya kitanda, na maua machache meupe ambayo Mwantumu aliyatia humo kila jioni. Tangu mazishi, chumba hakikuwa na harufu yoyote.

"Bustani ni yako," wakamwambia. "Uamuzi ni wako." Wakaenda zao.

Mhina akashika jembe. Aking'oa boga, Ijumaa kikombe kitamwagwa. Aking'oa mpapai, bao litakosa mchezaji wa pili. Aking'oa magimbi, asubuhi hapana atakayebisha hodi. Akiiacha yote, lile tawi litakauka, na katika nyumba ile halitabaki ua la Mwantumu lililo hai.

Akainua jembe.

Je, nyinyi mlioketi hapa, ni upi uliostahili kung'olewa? Na aliyeupanda, kesho aje kwa Mhina kutazama nini?